Ordinatere ya nyumba ikikataa, tutafute sababu, tusitafute mukosefu

Mu nyumba nyingi za wafanyakazi wa mugodi, iwe Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi, leo kuko ordinatere moja. Moja tu, na mikono sita ao saba inaigusa. Baba anafungulia humo karatasi zake za kazi. Mama anaandika hesabu za biashara na za likelemba. Binti mukubwa yuko ku iniversite, anaandika TFC yake. Wadogo wanatafuta michezo na filimu. Mujomba anafika mangaribi na kle yake mu mufuko, anaomba dakika tano tu.

Ordinatere hiyo hatukuiokota njiani. Wengi wetu tuliilipa kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, na mushahara haukuwa mukubwa. Njo maana siku yenye inakataa kuwaka, ao inaanza kwenda pole sawa mugonjwa, moyo unapanda. Na neno la kwanza lenye linatoka ku kinywa ni hili: "Nani alishika hapa?"

Sisi wa sendika tunasema wazi: swali hilo linaharibisha nyumba kuliko virusi. Tunalijua vizuri, sababu tunalisikia kila siku ku kazi.

Konveyere ikikatika, pompi ikiungua, mutu akiumia, shefu anauliza nini? Anauliza: "Nani alikuwa hapo?" Kesho yake mufanyakazi anapokea demandi, anaombwa aandike maelezo. Hata mashini bado haijaangaliwa, lakini kosa limekwisha kupata jina la mutu. Na sisi tunakataa. Tunauliza: kizuizi cha mukanda kilitoshwa lini? Taa ya pale ilikuwa inawaka? Huyu mutu alikuwa ku posti ya ngapi bila kupumuzika? Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inataka kuwe kamati ya usafi na usalama mu kazi, na kazi ya kamati hiyo haiko kutafuta mutu wa kufukuza. Kazi yake ni kufanya ajali ile isirudie.

Wenye walipita mu mafunzo ya usalama wanajua njia yenye inaitwa muti wa sababu. Ilitoka Ufaransa mu miaka ya 1970, ku INRS, taasisi yenye inashugulikia usalama wa wafanyakazi. Unaanza ku ajali yenyewe, unarudia nyuma hatua kwa hatua, na kila hatua unauliza: ili jambo hili lifike, ni nini ilihitajika? Unaandika mambo yenye yalionekana, hauandiki hasira. Mara nyingi, mwisho wa muti, unakuta kitu kidogo chenye hakuna mutu alikuwa anakiangalia.

Basi kama tunadai haki hiyo mbele ya shefu, kwa nini tunaikatalia mutoto wetu ku nyumba? Mwenye kusema ku kazi "mutafute sababu kwanza", kisha akifika nyumbani anapiga mutoto juu ya ordinatere, huyo amekuwa shefu mubaya wa nyumba yake.

Neno la siri lenye halikubadilishwa

Tuliona jambo hili mu nyumba moja ya mwenzetu. Ordinatere ilikataa neno la siri. Kila mutu aliandika, ikakataa. Kijana wa miaka 15 alikuwa mutu wa mwisho kuigusa, basi akawa mukosefu. Alilia, aliapa, hakuna mwenye alimusikiliza. Siku tatu nyumba ilikuwa kimya. Dada yake alikuwa na TFC humo ndani, na tarehe ya kupeleka kazi yake ilikuwa karibu. Fundi mumoja aliitwa. Alisema dawa ni moja tu: kufuta yote na kuweka Windows mupya.

Kabla ya kufuta, mwenzetu mumoja aliangalia chini ya ekrani, upande wa kuume. Badala ya FRA iliandikwa ENG. Klavie ilikuwa imehamia ku Kiingereza. Mutu alikuwa anabonyeza A, ordinatere inapokea Q. Anabonyeza Z, inapokea W. Na sababu ku neno la siri tunaona tu vitone vyeusi, hakuna mwenye aliona kosa. Alirudisha FRA, neno la siri likapita mara moja. TFC ilikuwa palepale.

Klavie inahamia namna gani? Inatosha vidole viguse Alt na Maj pamoja, ao kifungo cha Windows na kile kirefu cha chini. Mutu anaweza kufanya hivyo akifuta vumbi na kitambaa. Tena ordinatere nyingi za mukono wa pili zenye tunanunua zinatoka Dubai ao zinapitia Kasumbalesa kutoka Zambia, na zinakuja zikiwa zimepangwa mu Kiingereza. Hapo kosa ni la nani? Si la mutu. Ni mashini yenye luga mbili na kifungo cha kuhamisha bila kelele.

Muwaze kama fundi yule angefuta. TFC ya mwaka muzima ingepotea, kijana angebaki na jina la muharibifu, na tungelipa juu ya kupoteza vitu vyetu. Hasira ya siku tatu ilikaribia kuharibisha kile chenye mashini haikuharibisha.

Umeme njo wa kwanza

Hapa kwetu, ukianza muti wa sababu wa ordinatere, mara nyingi muzizi ni umeme. Ku prizi tunangojea volti 220. Lakini wote tunajua namna umeme unavyokuja: unashuka mpaka taa inakuwa nyekundu, unakatika, kisha unarudia na nguvu. Wakati wa delestaji, kukatika kunaweza kufunga ordinatere katikati ya kuandika, na faili ikaharibika. Lakini hatari kubwa iko wakati umeme unarudia. Njo pale vyombo vinaungua.

Basi umeme ukikatika, tutoshe kamba ku prizi. Ukirudia, tungojee dakika kumi hivi, tuone kama umetulia, njo tuunganishe. Tusichanganye tena vyombo viwili: stabilizatere inasawazisha volti, lakini umeme ukikatika, nayo inakatika. Ondulere iko na batri ndani, inakupa dakika chache za kuhifazi kazi na kuzima kwa heshima. Na ralonji moja yenye inabeba rishó, frigo na ordinatere, hiyo si ralonji, ni mutego wa moto.

Ordinatere isipowaka hata kidogo, tuanze na vitu rahisi. Prizi iko na umeme? Tujaribu na chombo kingine. Kamba imeingia mpaka mwisho? Kuko kifungo kidogo nyuma ya sanduku chenye iko na alama ya 0 na 1: mutu anayefagia anaweza kukisukuma bila kujua. Kama ni ya kubeba, tujaribu na sharja yenyewe, si ya jirani yenye volti tofauti.

Kama tunafungua sanduku, tufanye sawa ku kazi. Mwenzetu wa matengenezo haingizi mukono mu mashini kama hajakata umeme, hajafunga kadena yake na hajahakikisha kwamba umeme umekufa. Ku nyumba ni vilevile: kamba itoke kwanza, na mutu mumoja aseme kwa sauti "nimekata". Na kile kisanduku cha chuma chenye kamba ya umeme inaingia, tusikifungue hata siku moja. Ndani yake kuko vitu vyenye vinaweka umeme hata baada ya kutosha kamba. Kikifa, tununue kingine.

Vumbi, joto, na mahali pamejaa

Ordinatere inakwenda pole. Baba anasema: "Ni michezo ya watoto." Inawezekana. Lakini tuliishi muda mrefu karibu na mugodi, tunajua vumbi yetu. Mu kiangazi inaingia mpaka mu sahani. Inaingia vilevile mu ventilatere ya ordinatere, inafunga njia ya hewa. Mashini ikishikwa na joto, inajipunguzia mwendo ili isiungue, na joto likizidi inajizima yenyewe. Hapo si kiburi, inajiokoa. Ukisikia ventilatere inapiga kelele sawa helikopta, ujue inaomba hewa.

Dawa: tuzime, tutoshe kamba, tufungue upande, tutoshe vumbi na burushi laini yenye imekauka. Tushike mapanga ya ventilatere na kijiti ili yasizunguke. Tusipulize na kinywa, mate yanaingia. Na wale wa atelie, tafazali, musipeleke ordinatere ku kompresere ya kazi: hewa yake ni kali, tena inabeba maji na mafuta. Ile ya kubeba, tusiitumikie juu ya kitanda na blanketi, njia zake za hewa ziko chini.

Kama hakuna joto, tubonyeze Ctrl, Maj na Échap pamoja. Inafunguka orodha ya kazi zenye ordinatere inafanya kwa saa hiyo. Tuangalie ni programu gani inakula nguvu. Tuangalie tena diski: ikijaa mpaka ukingoni, kila kitu kinakwama. Hapo filimu za mujomba zinaweza kuwa sababu, lakini dawa haiko matusi. Dawa ni kusema: filimu zikae ku kle, nafasi hii ni ya wote.

Tujue tena kwamba mashini inazeeka na sheria zake. Tangu tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025, Microsoft iliacha kuisaidia Windows 10 kwa njia ya kawaida. Inaendelea kuwaka, lakini bila kujiandikisha ku muda wa kuongeza, matundu mapya yenye wezi wanagundua hayazibwe tena. Virusi ikipita hapo, haikuingia juu mutoto ni mujinga. Iliingia juu mulango uliachwa wazi na watu wenye hawatujui.

Kitu kingine kidogo: saa. Ordinatere ya mezani iko na batri ndogo ya duara ndani, mara nyingi CR2032, ya volti 3. Ikikufa, kila ukikata umeme, tarehe inarudia nyuma miaka mingi. Kisha intaneti inakataa kufungua kurasa, inasema hazina usalama. Mama anazani forfe imekwisha, anaongeza feza. Baba anazani mutoto aliharibu. Ni batri tu yenye bei ndogo.

Kle yenye inazunguka

Ugonjwa mukubwa wa ordinatere zetu unapita ku kle. Kle inatoka ku duka la fotokopi, inaingia ku iniversite, inaingia ku biro ya sutretansi, inarudi nyumbani. Siku moja unaifungua: dosie zako zimekuwa vinjia vidogo, vyenye kishale, na ukibonyeza hakuna kitu. Binti anapiga kelele: "Kazi yangu imekufa!"

Mara nyingi haijakufa. Virusi ya namna hiyo inaficha mafaili, kisha inaweka alama za uongo mahali pake ili ubonyeze na uieneze. Kwa hiyo tusikubali kuformata kle haraka. Tusibonyeze vile vishale. Tuache antivirusi ipite kwanza, kisha tuombe ordinatere ionyeshe mafaili yenye yamefichwa. Wengi walipata vitu vyao vyote hapo.

Kama ni diski yenyewe inapiga tak-tak-tak ndani, hapo ni tofauti. Tuzime. Tusiwashe na kuzima mara kumi "kuona kama itakubali". Kila mara tunaiwasha, inaweza kufa zaidi. Tumuite mutu mwenye anaweza kutosha vitu vya lazima kwanza.

Kaye ya ordinatere

Ku posti, ekipe yenye inatoka inaandika mu kaye: pompi ya pili inavuja, taa ya kushoto imekufa. Ekipe yenye inaingia inasoma. Hakuna mwenye anaona haya kuandika. Tunaomba kila nyumba iweke kaye moja pembeni ya ordinatere. Mutu aandike tarehe, saa, kitu chenye aliona, na maneno yenye yalitokea ku ekrani, yote, herufi kwa herufi. Si "ilikataa". Aandike: "Siku ya posho, saa mbili za mangaribi, umeme ulirudia, ekrani ikawa bluu, iliandikwa hivi na hivi." Mwenye iko na simu apige foto. Fundi akikuta maneno hayo, anaokoa saa nzima, na wewe unaokoa feza.

Tuwe tena na kanuni hii: tubadilishe kitu kimoja, tujaribu, tuandike. Mwenye anabadilisha vitu vitano pamoja, hata kama mashini inapona, hajui ni nini iliponyesha. Kesho ikirudia, anaanza upya.

Kila mutu apewe jina lake na neno lake la siri ndani ya ordinatere, na watoto wasipewe haki ya kuweka programu bila mukubwa. Hiyo haiko azabu. Ku kazi pia, si kila mutu anabeba funguo ya chumba cha umeme. Na karatasi zenye uzito, za CNSS, bulteni za mushahara, kontra, diplome, TFC, zikae mahali pawili: mu ordinatere, na ku kle yenye inafungwa mu kabati na haizunguki. Wazee wetu wengi walisumbuka kudai haki zao juu karatasi ilikosekana. Tusiache hilo lirudie juu ya diski moja.

Ukipeleka ku fundi, sema kwa sauti mbele yake: "Usifute kitu bila kuniuliza." Uombe bei mbele, na kama alibadilisha kipande, uombe akurudishie cha zamani. Fundi wa kweli hakasiriki na maneno hayo.

Wale wenye kusema tunalegeza watoto

Tunajua wengine watasema: "Nyie wa sendika munatetea kila mutu. Watoto wanaharibu kabisa, wanamwanga soda ku klavie, wanaweka michezo ya wizi." Ni kweli, inafika. Hatusemi hakuna mutu mwenye anakosa. Tunasema sababu itangulie, na mutu mwenye alikosa aweze kusema bila kutetemeka.

Muangalie ku kazi. Mahali penye demandi inaanguka sawa mvua, wafanyakazi wanaficha. Kamba ya chuma imeanza kukatika nyuzi, mutu anaona, ananyamaza, juu anajua swali litakuwa "nani?" Kesho kamba inakatika kabisa. Ku nyumba ni sawasawa. Mutoto mwenye alimwanga maji, kama anaogopa fimbo, atapangusa juu na kufunga. Maji yatabaki ndani, umeme utapita, mashini itakufa. Kama hana woga, atakuja mbio: "Papa, maji iliingia!" Mutazima, mutatosha batri kama inatoka, mutaipindua ikauke siku mbili ao zaidi, na labda itapona. Kati ya mashini yenye imekufa na yenye imepona, tofauti ni yale maneno matatu ya mutoto.

Tena tunaona kitu chenye kinatuumiza. Ordinatere ikiharibika, mara nyingi wa kwanza kukatazwa ni binti na mama. "Nyinyi hamujui mambo haya." Lakini ni binti mwenye anaandika TFC, ni mama mwenye anaweka hesabu ya nyumba. Kuwakataza ni kukata posti yenye inazalisha.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwa ma-delege wenzetu: tukikaa na kampuni kuzungumuza mukataba wa pamoja, tuombe ordinatere zenye ofisi zinatosha ku kazi zipewe familia za wafanyakazi, zikiwa zimesafishwa, na za sutretansi wasisahauliwe. Tuombe vilevile wenzetu wa umeme na wa matengenezo wapewe siku moja ya posho ku mwezi, waonyeshe watoto na mama namna ya kuangalia mashini.

Kwa kila baba na kila mama: mangaribi yenye ordinatere itakataa, musiite majina. Mukae wote mbele yake, mufungue kaye, na mukubwa wa nyumba aulize: "Tuliona nini, na saa ngapi?" Mutoto mwenye anajibu swali hilo leo bila woga, kesho ku karieri ao ku atelie, atasema kamba inakatika mbele haijaangukia mutu.